Kabla hujaukata mti wa yangeyange

MZEE mmoja mkulima wa upande wa Muheza aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu palepale. Ana mkwaju mkubwa pembeni mwa shamba lake, hatua chache kutoka kisimani. Kila mvua za masika zinaposhika, yangeyange humiminika kwenye mkwaju huo, hujenga viota, hupiga kelele usiku na mchana, na kinyesi chao huupaka ua wake chokaa. Mfanyabiashara wa mkaa ameshampa bei ya mti huo. "Sasa mwanangu, niukate nisiukate?" aliuliza. "Maana ndege hawa siwali, siwauzi, na kodi hawanilipi."

Nilimwomba mzee anipe muda. Leo namjibu kupitia ukurasa huu, kwa kuwa naamini si yeye peke yake mwenye mti wa namna hiyo. Kuanzia Mkinga hadi Pangani, na kupanda na mto hadi Korogwe na Mombo, iko miti ambayo yangeyange, korongo na kwarara wameifanya kijiji chao. Wengi wetu tunaiona kama kero. Maoni yangu ni kwamba miti hiyo ni sehemu ya shamba, na kwamba kufaulu au kushindwa kwa viota vile kunatueleza mengi kuhusu mvua, maji, sumu na taka zetu wenyewe.

Kwanza tumfahamu ndege mwenyewe. Yangeyange ni yule mweupe anayefuatana na ng'ombe malishoni. Wakati wa kuzaa, manyoya ya utosini, kifuani na mgongoni hugeuka rangi ya kutu. Hapendi kujenga kiota peke yake. Hujenga pamoja na wenzake kwa makumi au mamia, na mara nyingi juu ya mti huohuo utakuta jamaa zake wengine wenye miguu mirefu. Wanakaa pamoja kwa sababu macho mengi humwona adui mapema, na aliyepata malisho mazuri hufuatwa na wenzake kesho yake.

Jike hutaga mayai mawili hadi manne, wakati mwingine matano. Wazazi wote wawili huatamia kwa zamu, kwa siku 24 hivi. Hapa pana jambo ambalo mfugaji wa kuku atalishangaa. Kuku hungoja amalize kutaga ndipo aatamie, na vifaranga vyake hutoka karibu siku moja. Yangeyange huanza kuatamia tangu mayai ya mwanzo, kwa hiyo watoto huanguliwa kwa kupishana siku. Wa kwanza anakuwa ameshaanza kupata nguvu wakati mdogo wake ndiyo kwanza anatoka kwenye ganda. Chakula kikiwa kingi, wote hushiba. Chakula kikipungua, wakubwa hunyang'anya, na kitinda mimba hufa. Ukiokota kinda lililokufa chini ya mti, usidhani lazima ni ugonjwa. Huenda mvua imekatika na panzi wamepungua.

Makinda yanayosalia huanza kutambaa matawini yakifikisha wiki tatu hivi. Yakikaribia mwezi mmoja au kuzidi kidogo, hujaribu kuruka, lakini wazazi huendelea kuyalisha kwa siku kadhaa. Kwa hesabu ya haraka, tangu yai la kwanza hadi kinda kujitegemea ni miezi miwili na zaidi. Tukiwavuruga katika miezi hiyo, jasho lao la mwaka mzima limepotea.

Sasa ni mambo gani yanayofanya viota vifaulu? La kwanza ni chakula, na chakula kinategemea mvua. Yangeyange hulisha makinda yake panzi, nyenje, viwavi na vyura. Nyasi zikichipua vizuri wadudu huwa wengi, na makinda hukua wakati huohuo ambapo mahindi yetu ni machanga na panzi wanayataka. Ng'ombe nao wana mchango wao. Wataalamu waliowachunguza ndege hawa waligundua kuwa yangeyange anayefuata ng'ombe hupata wadudu wengi zaidi kwa hatua chache kuliko anayewinda peke yake, kwa sababu kwato huwafukuza wadudu majanini. Trekta linapolima humsaidia vilevile.

Nisiwadanganye wasomaji. Yangeyange hatamaliza viwavijeshi shambani kwako, na ukimtegemea yeye peke yake utalia. Hula pia vyura na buibui ambao wenyewe ni marafiki wa mkulima. Katika majaruba ya mpunga anaweza kukanyaga miche michanga. Lakini hali mpunga. Mla nafaka ni kwelea kwelea, na si haki kumwadhibu mmoja kwa kosa la mwingine. Kibarua huyu hula panzi kutwa nzima, wala hadai posho.

Jambo la pili ni maji. Jamaa za yangeyange wanaokula samaki wanahitaji mafuriko, halafu wanahitaji maji yapungue polepole, ili samaki wabaki wamejazana kwenye vidimbwi wakati makinda yana njaa kuliko wakati wowote. Maji yakizidi, samaki hutawanyika. Yakikauka mapema, samaki hawapo. Aidha, maji chini ya mti ni ukuta: nyani na kicheche hawapendi kuogelea ili wapate yai.

Jirani zetu wa delta ya mto Tana, huko Kenya, wanalijua hili. Karibu na Garsen kuna maeneo ambayo ndege wa aina nyingi wenye miguu mirefu wamekuwa wakizaa pamoja kwa maelfu, na kuzaa kwao kunategemea mto kufurika. Hapa kwetu, Ziwa Natron ndilo mahali pekee Afrika Mashariki ambapo heroe wadogo huzaa mara kwa mara. Mtaalamu wa ndege Leslie Brown alikaribia kupoteza maisha mwaka 1954 akivuka tope la magadi kuvifikia viota vyao. Mwaka 1962 maji ya Natron yalipokuwa mengi mno, heroe walihamia Ziwa Magadi, Kenya, na huko chumvi iliganda miguuni mwa makinda kama pingu. Ilibidi watu waingie ziwani kuzigonga pingu hizo na kuyaokoa makinda kwa maelfu. Kina cha maji kikikosea, hata ndege aliyezaliwa na kuzoea magadi hushindwa.

Mto Pangani wa leo nao hauendi kama ulivyokwenda zamani. Kuna bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960, kituo cha umeme cha Hale cha mwaka 1964, na New Pangani Falls cha mwaka 1995. Umeme tunauhitaji, sipingi. Lakini mto uliopangiwa kasi yake haufuriki kwa majira yake, na karibu na mdomo wa mto maji ya chumvi hupanda juu. Wakulima wa minazi na mpunga wa Pangani wamelia na chumvi hiyo kwa miaka mingi. Mkulima na korongo wana shauri moja hapa: wote wanataka maji baridi ya kutosha yafike chini. Panapokaliwa vikao vya watumia maji vya bonde la Pangani, mkulima mdogo wa chini ya mto aende akalisemee hilo.

Jambo la tatu ni maadui wa kiota, na hapa nawageukia wafanyabiashara. Adui mkubwa wa mayai na makinda katika miji ya pwani siku hizi ni kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu, yule wa Bara Hindi. Hakuwapo hapa tangu zamani. Aliletwa Unguja miaka ya 1890 ili asafishe taka za mji, kisha akavuka na kuenea pwani yote. Anakula chochote, vikiwemo vifaranga vya kuku wetu, na anajua kuhesabu dakika. Mtu akipita chini ya mti wa yangeyange na kuwarushia jiwe, wazazi huruka. Kabla hawajarudi, kunguru ameshabeba yai.

Unguja waliwahi kumpunguza sana kunguru huyo miaka ya 1990 kwa mitego na sumu maalumu. Kazi ilipolegea, akarudi kwa wingi. Sababu ni rahisi: chakula chake kilikuwa bado kipo. Tanga nasi tunamlisha. Utumbo wa samaki unaotupwa wazi kwenye madiko kama Deep Sea na Sahare, mabaki ya mamalishe, vichwa vya kuku machinjioni na majalala yasiyofukiwa ndiyo posho ya kunguru ya kila siku. Mama muuza samaki anayefunika ndoo ya utumbo na kuupeleka shimoni, au kumuuzia mfugaji wa nguruwe au mtengeneza chakula cha kuku, anaokoa viota ambavyo hajawahi kuviona. Pia anaokoa vifaranga vya jirani yake, na anapata senti.

Jambo la nne ni sisi wenyewe na miguu yetu. Yai au kinda lisilo na manyoya haliwezi kulihimili jua la pwani. Mzazi husimama juu yake na kulifunika kwa kivuli cha mbawa. Akifukuzwa kwa muda mrefu wakati wa mchana, yai huiva kabla ya siku zake. Makinda yaliyokwisha kutambaa nayo hutishika, hudondoka, na yaliyodondoka hayalishwi tena. Watoto wanaorusha mawe hawajui hayo. Wafundishwe na walimu wao, na sisi wazazi tusicheke tu.

Historia inatuonyesha binadamu anaweza kufika wapi. Mwishoni mwa karne ya 19, mabibi wa Ulaya na Marekani walivaa kofia zenye manyoya ya yangeyange wakubwa. Manyoya hayo mazuri huota wakati wa kuzaa tu, kwa hiyo wawindaji waliwapiga wazazi viotani na kuacha makinda yafe njaa. Wakati fulani wakia moja ya manyoya ilishinda wakia moja ya dhahabu kwa bei. Huko Florida, Marekani, vijiji vizima vya ndege vilifutika. Biashara hiyo ilipokatazwa, ndege waliongezeka. Lakini baadaye mabwawa ya Everglades yalichimbiwa mifereji na kukaushwa, na ndege wakapungua tena, safari hii bila risasi. Mwaka 2018, baada ya mvua kubwa za mwaka uliotangulia na maji kushuka taratibu, huko kusini mwa Florida vilihesabiwa zaidi ya viota 100,000. Sheria iliokoa roho za ndege, lakini maji ndiyo yaliyowarudishia uzao.

Jambo la tano ni sumu. Wasomaji wa rika langu wanaikumbuka DDT. Sumu hiyo hupanda kutoka kwa mdudu hadi kwa samaki, kutoka kwa samaki hadi kwa ndege, ikizidi nguvu kila ngazi. Ndege wengi wanaokula samaki walitaga mayai yenye ganda jembamba, yakapasuka chini ya mama anayeatamia. Mkoa wetu hauko mbali na habari hizo: Old Korogwe palikuwa na ghala la DDT kuukuu, na udongo wake uliendelea kupimwa na wataalamu miaka mingi baada ya ghala kusafishwa. Na sumu hiyo ya udongoni haichagui yai la ndege au kikombe cha mtoto.

Siku hizi hatari ina majina mengine. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya, watu walitega konokono waliotiwa kabofurani, dawa iliyouzwa kwa jina la Furadan, wakawaua korongo wanaokula konokono na kuuza nyama yao. Anayenunua nyama hiyo ananunua sumu. Mwaka 2009 kampuni iliyoitengeneza ilianza kuinunua tena kutoka kwenye maduka ya Afrika Mashariki, baada ya habari za wanyamapori kuuawa nayo kusambaa duniani. Wenzangu wenye maduka ya pembejeo, msiuze dawa bila kibandiko, na msipime kwenye kifuko cha karanga. Mkulima naye aulize kama dawa imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Akitakiwa kupuliza, asipulize chini ya mti wa viota wala ukingoni mwa maji. Vivyo hivyo, wanaopuliza dawa ya kwelea kwelea waulize wenyeji kwanza ni ndege gani wengine wanalala hapo.

Jambo la mwisho ni mikoko. Mchu na mkoko ni ngome ya ndege hawa kwa kuwa bahari huzunguka shina mara mbili kila siku. Mashamba ya chumvi yana faida, na hata heroe na ndege wa majini hupenda kutafuta chakula kwenye maji yake ya kina kifupi. Lakini kukata mikoko ili kupata jaruba la chumvi au kuni za kuchemshia ni kumpa ndege sahani na kumnyima nyumba. Mikoko ni hifadhi ya serikali kisheria, na zaidi ya hapo ndimo kamba na samaki wadogo wanamokulia. Mvuvi anayekata mikoko anakata wavu wake mwenyewe.

Nayajua majibu yatakayokuja. Wako watakaosema njaa haingoji ndege. Wako watakaosema mti ni wangu. Ni kweli, mti ni wako mzee wangu, na harufu ile ni yako pia. Ndiyo maana sikuambii uvumilie kwa mapenzi ya Mungu tu. Nakuomba ufanye hesabu pamoja nami.

Mkaa utauuza mara moja. Mkwaju ukisimama utaendelea kukupa ukwaju, kivuli cha ng'ombe na mbolea. Kinyesi cha ndege kina rutuba kali kama cha kuku, na kikiwekwa kibichi huunguza miche. Kikusanye kikiwa na unyevu, changanya na majani makavu, acha kioze ndipo upeleke kwenye bustani ya mchicha au migomba. Usikifagie kikiwa kikavu bila kufunga pua na mdomo, kwa kuwa vumbi lake linaweza kubeba ukungu unaodhuru mapafu. Kisima kifunike, na maji ya kunywa yachemshwe. Hilo ungepaswa kulifanya hata kama ndege wasingekuwapo.

Kama harufu imezidi na tawi limening'inia juu ya paa, lipunguze. Lakini lipunguze kiangazi, viota vikiwa vitupu. Ndege wakirudi masika wataona tawi halipo na watasogea upande wa pili. Ukilikata makinda yakiwa juu, utaokota maiti wiki nzima, na harufu itakuwa mbaya kuliko ile uliyoikimbia. Tena yapo makundi ambayo huuhama mti yenyewe baada ya miaka kadhaa, hasa kinyesi kinapouchosha. Mgeni huyu ana siku yake ya kuondoka.

Kwa upande wa serikali za vijiji na halmashauri, ombi langu ni dogo. Kila kijiji kiijue miti yake ya ndege, kama kinavyozijua njia za maji. Sheria ndogo ya kijiji inaweza kukataza kukata mti wenye viota kuanzia masika hadi makinda yaruke, bila kumnyang'anya mtu mali yake. Jiji la Tanga lisimamie taka za madikoni na masokoni kwa bidii ileile linayokusanya ushuru. Na maofisa ugani wanapohesabu mimea iliyoota, wahesabu na viota. Mwaka ambao yangeyange wameshindwa kulea hata kinda moja kwa kiota, ujue malishoni kuna tatizo, na ng'ombe wako atakuwa wa pili kulihisi.

Basi mzee wangu, jibu langu ni hili: usiukate. Umwambie bwana wa mkaa atafute pengine, au apande miti yake. Uliniambia ndege hawakulipi kodi. Masika ijayo, makinda yakianza kulia, keti chini ya mwembe wako ulio ng'ambo, uangalie kila mzazi anaporudi amebeba nini mdomoni. Hesabu panzi kwa saa moja, kisha uniletee hesabu hiyo.